Ukipuliza Filimbi, Nani Atatoka?

Jumanne moja muhula huu, saa kumi na moja na nusu alfajiri, nilikuwa nakimbia peke yangu kwenye barabara ya kwenda Kwihara. Giza lilikuwa bado nene. Nyuma yangu nikasikia baiskeli. Tabora baiskeli ni jambo la kawaida, wala sikugeuka. Lakini hii haikunipita. Nikipunguza mwendo, nayo inapunguza. Nikiongeza, nayo inaongeza. Mara yule bwana akaniambia, "Dada, unajichosha bure, si upande nikupeleke?" Sikumjibu. Akanipita, akashuka, akailaza baiskeli katikati ya njia, akasimama ananisubiri.

Mkononi nilikuwa na king'ora kidogo, kile cha kuning'iniza kwenye funguo, ambacho binamu yangu alininunulia Kariakoo. Unavuta pini, kinapiga kelele. Nikavuta. Kwa kweli kililia, mpaka masikio yangu mwenyewe yaliuma. Kando ya njia kulikuwa na nyumba tatu. Katika nyumba moja taa iliwaka, ikakaa kidogo, ikazimwa. Hakuna aliyetoka.

Niligeuka nikarudi mbio nilikotoka. Baada ya mita kama mia mbili nikakutana na mama mmoja na binti yake wamejitwika ndoo za vitumbua, wanakwenda kuuza mjini. Nikasimama nyuma yao kama mtoto mdogo. Mama akauliza kwa sauti, "Wewe kijana, unamtafuta nani huku?" Yule bwana akapanda baiskeli yake akaondoka, tena bila haraka.

Jioni, jua likiwa bado lipo, nilirudi pale nikapiga hodi kwenye ile nyumba iliyowasha taa. Sikwenda kugombana, nilitaka tu kujua. Mama mwenye nyumba alinikaribisha vizuri, akanipa na kigoda. Nikamweleza. Akashika kichwa. "Jamani mwanangu! Nilisikia. Nilidhani ni pikipiki ya mtu inalia."

Ni kwa sababu ya jibu hilo nimeandika makala hii. Yule mama hakuwa na roho mbaya, na king'ora hakikuwa kibovu. Shida ni kwamba mimi na yeye hatukuwahi kukubaliana sauti ile ina maana gani.

Habari ilipofika bwenini, kila mtu alikuwa na ushauri, na karibu kila ushauri ulikuwa wa kununua kitu. Mmoja akasema nitafute dawa ya pilipili ya kupuliza. Mwingine akasema nibebe kisu kidogo, "hata cha kumenyea viazi". Kaka mmoja wa mwaka wa tatu akaniahidi kipande cha nondo, kabisa, kwa nia njema. Siku hizi wakimbiaji chuoni tumeongezeka. Tangu Alphonce Simbu achukue dhahabu ya marathoni kwenye Mashindano ya Dunia kule Tokyo mwezi Septemba 2025, hata watu waliokuwa wanakimbia tu kuwahi ugali usiishe wamenunua raba. Kwa hiyo swali la usalama wa mkimbiaji si langu peke yangu. Ni letu, na naona tunalijibu vibaya.

Kabla sijasema lolote kuhusu kisu na pilipili, naomba tuikumbuke historia ya barabara ninayokimbilia. Kwihara ndiko liliko lile tembe ambalo leo ni makumbusho ya Livingstone. Mwaka 1871 Henry Stanley alifikia huko akiwa njiani kumtafuta Livingstone, akiwa na msafara mkubwa na bunduki za kutosha. Njia ya kawaida kwenda Ujiji ilikuwa imefungwa na Mirambo, mtemi wa Urambo. Waarabu wa Unyanyembe wakakusanya jeshi kwenda kuifungua kwa nguvu, na Stanley akajiunga nao. Wakapigwa. Muda si mrefu Mirambo akaishambulia Tabora yenyewe. Baada ya hapo Stanley alifanya jambo ambalo angeweza kulifanya mwanzo: akazunguka kwa upande wa kusini, njia ndefu zaidi, na mwezi Novemba mwaka ule ule akafika Ujiji.

Bunduki zote zile hazikuifungua njia. Kilichomfikisha ni kuchagua njia nyingine. Mimi kisu changu cha kumenyea viazi kitafanya nini?

Sasa tuviangalie vifaa vyenyewe, kimoja kimoja, bila kuogopana.

Kisu au nondo: hapana. Kisu kinatumika mtu akiwa tayari amekukaribia, yaani umbali ambao wewe mkimbiaji hutakiwi kuufikia kabisa. Mwenye nguvu kuliko wewe akikunyang'anya, sasa silaha ni yake. Halafu kuna sheria. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kuanzia kifungu cha 18, inakupa haki ya kujilinda wewe mwenyewe na kumlinda mwenzako, lakini inataka nguvu utakayotumia iwe ya kiasi na ile tu inayohitajika kwa kujilinda. Mtu aliyelaza baiskeli njiani ukamchoma kisu, kazi ya kueleza kwamba ilikuwa lazima utakuwa nayo wewe.

Dawa ya pilipili: ina faida ya kukuacha mbali kidogo na mtu. Ila upepo ukiwa unakuja usoni kwako, utaipata wewe kwanza. Ina tarehe ya kuisha muda wake, na mtu ambaye hajawahi kuishika mkononi huku anahema hawezi kuitoa mfukoni kwa wakati. Anayetaka kuibeba aende kwanza kituo cha polisi aulize, asidanganywe na muuzaji.

Fimbo nyepesi: kwa mbwa inasaidia. Na kwa wakimbiaji wa Tabora mbwa ni habari ya kila siku kuliko majambazi. Mbwa akikukimbilia, simama, usimpe mgongo, inama kama unaokota jiwe. Wengi wanarudi. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Usisubiri kidonda "kikauke kwanza".

Nguo ya rangi ya kung'aa na tochi ndogo: hizi ndizo zana za kujilinda ambazo hakuna anayeziita zana. Gari na bodaboda zinaua bila nia yoyote mbaya. Kimbia upande wa kulia wa barabara, ili chombo kinachokuja upande wako mwonane uso kwa uso. Na toa hizo spika masikioni, angalau moja. Mimi ile baiskeli niliisikia kwa sababu siku ile simu yangu haikuwa na chaji. Ingekuwa na chaji ningekuwa nasikiliza muziki.

King'ora na filimbi: hapa ndipo moyo wa hoja yangu ulipo. Hivi ni vifaa pekee ambavyo kazi yake si kumuumiza mtu. Kazi yake ni kuita watu. Filimbi haihitaji betri, haifiki bei ya chipsi yai, na hata pumzi za mkimbiaji aliyechoka zinaitosha. Lakini kifaa cha kuita kina nusu mbili. Nusu moja iko mdomoni mwako, na nusu nyingine iko kwa yule atakayetoka nje. Sisi tunanunua nusu ya kwanza, halafu tunashangaa haifanyi kazi.

Na kitu cha ajabu ni kwamba huku kwetu jambo hili linajulikana kuliko sehemu nyingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, ng'ombe walipokuwa wanaibwa na watu wanauawa majumbani, wanavijiji wa Unyamwezi na Usukuma walianzisha Sungusungu. Walikuwa na pinde na mishale, ndiyo, lakini nguvu yao kubwa ilikuwa filimbi na mwano, ule ukelele wa hatari. Filimbi ikilia kijiji kimoja, kijiji cha pili wanapokea, cha tatu wanapokea, na mwizi anakuta njia zote zina watu. Asiyeitikia mwano alikuwa na kesi ya kujibu kwa wenzake. Mwaka 1989 serikali ikarekebisha sheria za mgambo ili kuwatambua. Muulize mzee yeyote wa Nzega au Igunga, atakueleza vizuri kuliko mimi. Filimbi ile ilikuwa na maana kwa sababu kila aliyeisikia alijua anatakiwa afanye nini.

Hata misafara ya zamani iliyopita hapa, kutoka Bagamoyo kuja Unyanyembe na kuendelea Ujiji, ilienda kwa utaratibu wa namna hiyo. Kirangozi mbele na bendera, ngoma inasikika, wapagazi wa Kinyamwezi kwa makumi na mamia, na hakuna aliyetaka kubaki nyuma peke yake kwenye pori kama la Mgunda Mkali. Sitaki tuipambe njia hiyo. Wapo waliopita humo na minyororo shingoni, na kwao ule msafara wenyewe ndio uliokuwa hatari. Nasema tu kwamba waliobeba mizigo kwenye ardhi hii kabla yetu walijua kwamba mtu anayesafiri peke yake ana kinga ndogo hata akiwa na mkuki.

Ila hapa lazima nisimame, maana kuna rafiki yangu, mkimbiaji mwenzangu, ambaye alisoma rasimu ya makala hii akaniambia, "Dada, filimbi yako inaweza kuniua mimi." Nikamwuliza kivipi. Akasema, "Wewe ukikimbia gizani watu wanadhani unaonewa. Mimi nikikimbia gizani wanadhani nimeiba."

Yuko sahihi. Sote tunajua neno "mwizi!" linavyofanya kazi mitaani kwetu. Kijana anayekimbia alfajiri, hana kitambulisho, amevaa kofia ya sweta kichwani, anahitaji mtu mmoja tu apige kelele. Na Sungusungu wenyewe, pamoja na sifa zao, waliwahi kuwapiga na kuwafukuza watu wasio na hatia, wakiwemo akina mama wazee waliosingiziwa uchawi. Wala si Afrika peke yake. Tarehe 23 Februari 2020, katika jimbo la Georgia huko Marekani, kijana Ahmaud Arbery, mwenye miaka 25, alikuwa anakimbia kwenye mtaa mmoja. Wanaume watatu wakamfukuza kwa magari, wawili wao, baba na mwanawe, wakiwa na bunduki, wakidai walimdhania mwizi. Akauawa kwa risasi. Mwaka 2021 wote watatu walipatikana na hatia ya mauaji. Wale nao walijiona wanalinda mtaa wao.

Kwa hiyo kuitikia peke yake hakutoshi. Lazima tukubaliane anayeitikia anafanya nini akifika. Jibu langu ni fupi: anafika, anawasha tochi, anasimama karibu na aliyeita, anauliza, anapiga simu. Hampigi mtu. Yule mama wa vitumbua hakumgusa yule bwana. Aliuliza swali moja tu, na lilitosha.

Kuna jambo lingine ambalo mazungumzo ya pilipili na nondo yanatusahaulisha. Tunapomfikiria mkimbiaji aliye hatarini, tunamwona mtu asiyejulikana anatokea kichakani. Tuwaangalie basi wakimbiaji wa Afrika Mashariki tuliowapoteza.

Agnes Tirop wa Kenya alikuwa na miaka 25. Mwezi Septemba 2021, kule Ujerumani, aliweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 kwa mbio za wanawake pekee, dakika 30 na sekunde 1. Tarehe 13 Oktoba, mwezi mmoja tu baadaye, alikutwa ameuawa kwa kuchomwa kisu nyumbani kwake Iten. Mume wake akashtakiwa kwa mauaji hayo. Rebecca Cheptegei wa Uganda alikimbia marathoni ya Olimpiki jijini Paris mwezi Agosti 2024. Tarehe 1 Septemba, nyumbani kwake Trans Nzoia nchini Kenya, mwanaume aliyekuwa mpenzi wake alimmwagia petroli akamchoma moto. Alifariki siku nne baadaye hospitalini Eldoret.

Wanawake hawa walikuwa na mbio kuliko karibu mtu yeyote duniani. Ni wanaume wachache sana ambao wangemkamata Agnes Tirop kwa miguu barabarani. Hatari yao haikuwa barabarani. Ilikuwa ndani, kwa mtu anayejua mlango, ratiba na pesa za mbio zinaingia lini. Wanariadha wenzao, akiwemo Viola Cheptoo, walianzisha Tirop's Angels ili mwanariadha anayeteswa nyumbani awe na mahali pa kukimbilia. Ukiangalia vizuri, ile nayo ni kazi ya kuitikia: kuhakikisha kwamba anayeita anapata mtu.

Kwa nini nayaleta haya kwenye gazeti la chuo cha Tabora? Kwa sababu na sisi tuna vyumba. Tunaishi hosteli, wengine tumepanga mitaani, wengine tunaishi na wapenzi, tusidanganyane. Ni mara ngapi umesikia kelele chumba cha pili usiku ukasema "hao ni wapenzi, yatawaisha"? Sentensi hiyo haina tofauti na ile ya "nilidhani ni pikipiki ya mtu inalia". Mimi nimewahi kuisema, mwaka wa kwanza, na asubuhi yule dada alikuja darasani amevaa miwani ya jua. Sikumuuliza kitu. Leo siwezi kumlaumu mama wa Kwihara kwa kuzima taa, kwa sababu na mimi niliwahi kuizima yangu.

Najua watakaosema: basi acheni kukimbia alfajiri, hasa nyie wasichana. Ushauri huu hutolewa kwa upendo, na nimeupata kwa watu ninaowaheshimu. Lakini angalieni unavyofanya kazi. Mtu mmoja analaza baiskeli njiani, na wanaoadhibiwa kwa kufungiwa ndani ni wasichana wote wa chuo. Halafu je, mama wa vitumbua naye asitoke? Na wanafunzi wa shule za kata wanaotembea gizani kuwahi namba? Barabara ya alfajiri si anasa ya wakimbiaji. Ina watu wake siku zote, na usalama wake ukipatikana, unapatikana kwa wote.

Hata hivyo, kwenye suala la muda wana hoja, na hapa kuna jambo dogo ambalo wengi hatulifikirii. Saa zetu Tanzania ni moja, lakini jua si moja. Tabora iko magharibi mbali na Dar es Salaam, kwa hiyo jua letu huchomoza karibu dakika 25 baada ya lile la Dar. Waliotoka Pwani wanakuja na mazoea ya kukimbia saa kumi na mbili kasoro, wakati huku bado ni usiku. Lakini deni hilo jua hulilipa jioni: huku kwetu hata saa kumi na mbili na nusu bado kuna mwanga, watu wako nje, maduka yako wazi. Stanley alizunguka kusini. Sisi tunaweza kuzunguka kwa saa.

Kwa hiyo naiomba serikali ya wanafunzi mambo yafuatayo, na mengi hayahitaji bajeti.

Kwanza, mbio za pamoja zihamie jioni siku za wiki, na Jumamosi zianze kukikucha. Tuwe na kirangozi wa mbele anayejua njia, na mtu wa nyuma ambaye kazi yake ni moja: kuhakikisha hakuna anayeachwa. Wote tulikimbia mchakamchaka shuleni, utaratibu huu tunaujua tangu darasa la kwanza.

Pili, daftari getini. Jina, saa ya kutoka, njia, saa ya kurudi. Muda ukipita, mlinzi apige simu. Njia nazo zisiwe ile ile kila siku kwa saa ile ile, kwa sababu anayekuvizia anaanza kwa kukariri ratiba yako.

Tatu, filimbi moja kwa kila mkimbiaji, na alama moja tu: mapigo matatu marefu, kupumzika, kurudia. Isipulizwe kwa mzaha, isipulizwe kushangilia mpira. Anayeichezea anyang'anywe.

Nne, na hili ndilo muhimu kuliko yote, twende tukajitambulishe. Kwa wenyeviti wa mitaa tunayopita, kwa vijana wa bodaboda kwenye vijiwe, kwa akina mama lishe, kwa wenye nyumba za kando ya njia. Tuwaambie: sisi ni wanafunzi, tunakimbia hapa siku hizi na hizi, wavulana kwa wasichana, na mkisikia filimbi hivi, maana yake ni mtoto wenu anahitaji msaada. Hapo hata yule rafiki yangu atakuwa na majina ya watu wanaomfahamu njia nzima, na neno "mwizi" litakuwa gumu kumnata.

Tano, alama hiyo hiyo iwe na maana ile ile bwenini. Mapigo matatu kutoka chumbani ni sawa na mapigo matatu kutoka porini. Tukisikia tunatoka, hata kama ndani yupo mtu tunayemjua na kumpenda. Tukishafika, tunajua pa kupiga: 112 polisi, na Dawati la Jinsia na Watoto kwa mambo ya majumbani. Tuwaalike askari wa dawati hilo mchana mmoja waje watufundishe, pamoja na mambo ya PF3, ambayo wengi wetu tunayajua kwa kusikia tu.

Wengi wetu hapa tunasomea ualimu. Mwakani au mwaka unaofuata tutakuwa kwenye shule fulani, na mkuu wa shule atatupa timu ya riadha tuiandae kwa UMISSETA kwa sababu "nyie bado vijana". Tutakuwa na mabinti wa kidato cha pili wanaotoka nyumbani gizani. Tutawafundisha nini, kubeba visu? Kama hatukujifunza kuitikiana tukiwa mia kadhaa ndani ya uzio mmoja, sijui tutawafundishaje watoto walioachana kilomita nne nne.

Mimi sikuacha kukimbia. Nilikaa siku tisa, nikarudi, safari hii jioni na wenzangu watano. Wiki iliyopita tulisimama tena kwenye ile nyumba. "Mwangaluka mama," nikamsalimia kwa mazoea, naye akacheka akanikumbusha kwamba ni jioni. Nikamwonyesha filimbi, nikamwomba ruhusa, nikapuliza mara tatu ili aijue sauti yake.

Kabla sijaitoa mdomoni, watu wanne walikuwa wameshatoka nje kuuliza kuna nini.